Kambakochi anaingia sufuriani kijani, anatoka mwekundu. Ule wekundu ulikuwa wapi?

#1 Mwanamashua
Habari za jioni wakuu. Jana alfajiri niliteremka Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, boti zikiingia, nikapata kambakochi wawili wazima, bado wanapiga mikia. Mgongoni kijani inayokwenda kwenye buluu, miguuni michirizi myeupe. Nimefika nyumbani nikawatumbukiza kwenye maji yanayochemka. Sijamaliza hata kukata ndimu, wote wekundu kama jezi ya Wagosi, timu yetu ya Coastal Union.

Mwanangu yuko kidato cha pili, akaniuliza: "Baba, kwenye maji hukuweka kitu. Wekundu umetoka wapi?" Nikamwambia ni moto. Akasema, "Mbona samaki changu ukimchemsha hageuki hivi?" Mama mkwe akadakia kwamba ni damu imepanda juu kwa joto. Mtoto kaniangalia, nimebaki natafuna ndimu.

Naomba jibu la maana. Matani mniwekee ya kesho.

#2 Barabara ya 12
Umepika kambakochi wawili Chuda nzima inanusa, halafu unakuja kuomba jibu bila kualika mtu. Jibu liko ndani ya sahani, lete sahani.

#3 Shangazi wa Chumbageni
Mama mkwe wako ni mtu mzima, msikilize. Ni damu hiyo. Hata mtu akikaa jikoni uso unamuiva.

#4 Mvuvi Mwambani
Shangazi shikamoo. Kwa heshima zote, hapo hapana. Nimewapasua hawa wadudu miaka mingi. Damu yake ni kama maji, ikikaa kwenye hewa kidogo ndiyo inapata ubuluu wa mbali. Ukipika inaganda nyeupe kama ute wa yai, zile tambi tambi unazoziona kwenye viungo vya miguu. Wekundu hakuna.

#5 Mwalimu Mstaafu
Mvuvi kasema kweli. Damu yetu inabeba oksijeni kwa chuma, ya kamba na kaa inabeba kwa shaba. Ubuluu ule ni wa shaba.

Sasa mwambie mtoto hivi: wekundu haukutoka popote. Ulikuwa kwenye gamba tangu baharini, ila ulikuwa umevalishwa nguo ya buluu. Rangi yenyewe inaitwa astazantini, ni ukoo mmoja na rangi ya karoti na ya mawese. Kamba hawezi kuiumba mwenyewe kutoka mwanzo, asili yake ni mwani, na yeye anaipata kwa kula. Ikifika kwenye gamba inashikwa na protini, na ikiwa mikononi mwa protini hiyo inaonekana buluu. Moto ukiivuruga protini, kama unavyouvuruga ute wa yai, astazantini inaachiwa na inarudia rangi yake. Mwaka 1948 George Wald na wenzake kule Marekani waliichambua na kuiita krustosayanini.

Changu hageuki kwa sababu hana protini hiyo kwenye magamba yake. Basi.

#6 Chipsi Mayai
Huyo Wald si ndiye alipewa Nobel kwa kambakochi? Yaani mzungu anakula mpaka anapewa tuzo.

#7 Mwalimu Mstaafu
Hapana kijana. Nobel yake ni ya 1967, na ni kwa kazi ya jicho, jinsi linavyonasa mwanga. Ila umegusa jambo bila kujua, nitalirudia.

#8 Binti Pangani
Asante mwalimu, lakini umeniacha njiani. Mimi nikishika embe, embe halibadiliki rangi. Iweje protini ikishika kitu kinageuka kutoka nyekundu kuwa buluu?

#9 Barabara ya 12
Anatupiga kamba huyo. Na uzi wenyewe ni wa kamba.

#10 Mwalimu Mstaafu
Binti, swali lako ndilo zito kuliko la mwenye uzi. Tafuta karatasi.

Chora kaboni zimeshikana mkono mmoja mmoja kama watoto kwenye mstari wa paredi. Sasa rudia mchoro, lakini safari hii wawili wa kwanza washikane mikono miwili, wanaofuata mmoja, wanaofuata miwili, tena mmoja, hivyo hivyo kwa kupokezana. Pale penye mikono miwili pana elektroni ambazo hazijabanwa sana. Mnyororo ukiwa wa kupokezana, elektroni hizo hazikai kwenye kifungo kimoja, zinazurura mnyororo mzima, kama watoto wa uswahilini ambao kila nyumba ni kwao. Na uwanja wa kuzurura ukiwa mrefu, mwanga wenye nguvu ndogo tu unatosha kuzirusha ngazi ya juu. Mwanga uliotumika kurusha ndio unaopotea machoni pako. Unaobaki ndio rangi unayoiona.

Ethilini ina kifungo maradufu (mikono miwili) kimoja, inafyonza mwanga wa nanomita 170 hivi. Nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga: namba ikiwa kubwa, wimbi ni refu na nguvu ni ndogo. Butadaini ina viwili, 217. Heksatraini ina vitatu, 258. Jicho la mtu linaanza kuona karibu na 400, kwa hiyo zote hizo kwako ni kama maji. Nyanya inaanzia kwenye fitoini, yenye vifungo vitatu vya kupokezana, haina rangi. Inazidi kuurefusha mnyororo hadi likopini, vifungo 11, ambayo inafyonza karibu na 470, yaani buluu na kijani yake. Kinachobaki ni nyekundu, na hiyo ndiyo nyanya yako iliyoiva.

#11 Besi la Taarab
Mwalimu hapa umenigusa, mimi mpiga besi. Ni kama uzi wa gitaa. Ukibana karibu, uzi mfupi, sauti nyembamba. Ukiachia, uzi mrefu, sauti nzito. Mnyororo mfupi unakula mwanga mwembamba usioonekana, mrefu unakula mzito. Nimefaulu?

#12 Wa Maabara
Besi, umefaulu nusu. Nimesoma kemia chuo, nitatamka mawili.

La kwanza, uzi wa gitaa ukiuongeza urefu mara mbili, sauti inashuka oktevu nzima, na ukiongeza tena mara mbili inashuka oktevu nyingine. Mnyororo wa kaboni hauko hivyo. Angalia namba za mwalimu: kutoka 170 hadi 217 ni hatua ya karibu 47, kutoka 217 hadi 258 ni 41. Kila ukiongeza kifungo hatua inafupika, mwishoni inagota. Hata mnyororo usio na mwisho hauendi kufyonza mawimbi ya redio. Sababu ni kwamba vifungo havilingani: maradufu ni kifupi, kimoja ni kirefu, fupi refu fupi refu. Elektroni zinazurura ndiyo, lakini barabara ina matuta.

La pili, watu husema karoti ni ya njano kuliko nyanya kwa sababu mnyororo wake ni mfupi. Si kweli. Beta-karotini ya karoti na likopini ya nyanya zote zina vifungo 11 vya kupokezana. Tofauti ni kwamba kwenye karoti viwili kati ya hivyo viko ndani ya pete za mwishoni, na pete hizo zimejipinda, hazijalala bapa na mnyororo. Elektroni zikifika pale zinakwama kidogo. Ndiyo maana karoti inafyonza karibu na 450 wakati nyanya ni 470. Idadi moja, mkao tofauti, rangi tofauti.

#13 Chipsi Mayai
Kwa hiyo karoti ni nyanya iliyopinda shingo. Nimeelewa elimu ya juu.

#14 Studio ya Zamani
Niongeze kidogo, mimi nilikuwa mpiga picha Ngamiani enzi za filamu, kabla simu hazijatuua. Hiyo habari ya matuta ina ushahidi kwenye kazi yetu. Chumvi ya fedha kwenye filamu kwa asili yake inaona buluu tu. Nyekundu haioni kabisa, ndiyo maana chumba cha giza tulikuwa tunawasha taa nyekundu tukisafisha karatasi za nyeusi na nyeupe. Mwaka 1873 Hermann Vogel huko Berlin aligundua kwamba ukiongeza rangi fulani chumvi hiyo inaanza kuona na kijani. Baadaye zikaja rangi za sayanini, nazo ndizo zilizoifanya filamu ione hadi nyekundu. Kitabu kimoja cha mafunzo tulichopewa kilisema kila ukiirefusha sayanini kwa kaboni mbili inaruka karibu nanomita 100. Mwenye maabara, mbona hizo hazigoti?

#15 Wa Maabara
Mzee shikamoo, umeleta dhahabu. Sayanini zina naitrojeni kila upande na chaji moja inayogawanwa na pande zote mbili, kwa hiyo vifungo vya katikati vinakaribia kulingana urefu. Matuta yamesawazishwa. Hapo mfano wa Besi wa uzi wa gitaa unakaribia kufaa kweli.

#16 Besi la Taarab
Nimefaulu, nusu yangu nyingine mmerudishiwa na mzee wa studio.

#17 Mama Swaum
Jamani mimi nina kesi inayofanana, mnisaidie. Idi iliyopita mume wangu alimwagikiwa mchuzi wa samaki wenye manjano kwenye kanzu, kifuani hapa. Nikaikamata palepale na sabuni ya mche. Lile doa la njano likageuka jekundu kama damu! Mtoto akapiga kelele baba kaumia. Nikasugua ndimu, likarudi njano. Sabuni, nyekundu. Ndimu, njano. Nilicheza nalo mpaka mchuzi ukapoa. Ni ukoo ule ule?

#18 Mwalimu Mstaafu
Ni jirani, si ukoo. Rangi ya manjano ni kurkumini: pete mbili huku na huku, katikati mnyororo wa kupokezana. Kwa kawaida inafyonza karibu na 425, ndiyo njano. Sabuni ya mche ina ualkali, inanyang'anya kurkumini haidrojeni. Ikibaki na chaji hasi, elektroni zake zinapata nafasi zaidi ya kusambaa, ufyonzaji unahamia kwenye mawimbi marefu, unaona nyekundu. Ndimu ni asidi, inairudishia haidrojeni yake. Umefanya jaribio la maabara juu ya kanzu ya Idi.

#19 Shangazi wa Chumbageni
Sisi tulikuwa tukifua tunaanika juani siku mbili, doa linaondoka lenyewe. Wala hatukujua hiyo kurkumini.

#20 Wa Maabara
Na shangazi upo sahihi asilimia zote. Jua linaukata mnyororo. Vipande vinavyobaki ni vifupi, vinafyonza mwanga usioonekana, macho yanasema nguo nyeupe. Uchafu unaweza kuwa bado upo kidogo, ila umepoteza rangi.

#21 Shangazi wa Chumbageni
Nguo yangu haina uchafu.

#22 Wa Maabara
Samahani shangazi.

#23 Mdau wa Duka
Na bluu ya kufulia je? Nayo ni minyororo?

#24 Mwalimu Mstaafu
Hapana, ile ya kidonge ya zamani ni ya madini, ubuluu wake unatokana na salfa iliyofungiwa kwenye vizimba vidogo vya madini hayo. Kaboni haihusiki. Ila sabuni nyingi za unga za siku hizi zina kitu kingine, molekuli za mnyororo wa kupokezana zinazofyonza mwanga wa zambarau usioonekana na kuutoa tena ukiwa buluu. Ndiyo maana shati jeupe linawaka kwenye taa za ukumbi wa harusi. Turudi kwa kamba, mwenye uzi ataninunia.

#25 Mwanamashua
Sinuni mwalimu, nasoma kwa sauti na mtoto yuko pembeni na daftari. Ila swali la Binti Pangani (#8) bado halijajibiwa. Mtoto kalikumbusha.

#26 Binti Pangani
Mungu amkuze. Kweli halijajibiwa. Mmeeleza kwa nini mnyororo una rangi, hamjaeleza protini inafanyaje.

#27 Mwalimu Mstaafu
Haya. Astazantini ikiwa peke yake ndani ya mafuta au spiriti inafyonza karibu na 480, ndiyo inaonekana ya machungwa hadi nyekundu. Ikiwa ndani ya krustosayanini inafyonza 632, ndiyo buluu. Kuruka nanomita 150 bila kubadilisha molekuli ni kuruka kukubwa mno.

Jibu langu liko kwenye #12 aliyoandika kijana wa maabara. Astazantini ina pete mbili mwishoni kama karoti, na zikiwa huru zimejipinda. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walipiga picha ya protini hiyo kwa eksirei, wakaona pete zimelazwa bapa, zimenyooka na mnyororo. Mwisho wa kila pete pana oksijeni yenye kifungo maradufu. Ukizinyoosha pete, uwanja wa elektroni unakuwa vifungo 13 vilivyonyooka. Uwanja mrefu, mawimbi marefu. Kwisha.

#28 Wa Maabara
Mwalimu, shikamoo tena, lakini haijesha. Waliofanya hesabu baadaye walikuta kunyoosha pete kunaeleza sehemu tu ya ule mruko. Uhesabu unavyotaka, 632 huifikii kwa kunyoosha peke yake.

Kwenye picha hiyo hiyo ya 2002 kila kipande cha protini kimebeba astazantini mbili, zimepishana karibu kabisa, umbali wa kama nanomita 0.7. Vipande vinane vikikusanyika vinakuwa na astazantini 16. Molekuli mbili zikikaribiana hivyo zinahisiana: ukimwangaza mmoja, mwenzake anatikisika. Ngazi za nishati zinagawanyika, moja juu, moja chini: ya juu inakula mawimbi mafupi, ya chini marefu. Upande wa ushahidi wangu: ndani ya gamba hilo hilo kuna rangi nyingine ya njano, krustokrini, inafyonza karibu na 409. Nayo ni astazantini ile ile, ila zimepangwa kama sahani kabatini. Zikipangwa hivi unapata njano, zikikaa vile unapata buluu. Kunyoosha pete hakuwezi kukuletea njano.

#29 Mvuvi Mwambani
Hiyo ya njano ndiyo inaeleza kwa nini mgongoni ni kijani siyo buluu tupu. Buluu ukichanganya na njano. Hata fundi rangi wa mashua anajua.

#30 Dawa na Dozi
Mimi ni mfamasia, natupa jiwe la tatu. Wote mmesahau zile oksijeni mbili za mwishoni. Ndani ya protini zinakutana na maji na amino asidi (vijenzi vya protini) zinazovuta elektroni kwa nguvu, na wapo wanaosema astazantini inanyang'anywa haidrojeni kabisa, kama manjano ya Mama Swaum kwenye sabuni (#17). Ukivuta elektroni pande zote mbili, matuta ya #12 yanapungua, mnyororo unaanza kufanana na sayanini ya mzee wa studio. Hapo mruko mkubwa unapatikana bila kuhitaji astazantini ya pili.

#31 Wa Maabara
Kunyang'anywa haidrojeni kabisa kunabishaniwa sana mkuu. Kuvutwa, sawa. Ila ukiweka astazantini ndani ya kipande kimoja bila wenzake saba, ufyonzaji ni kama 580 hadi 590, ni zambarau tayari. Vikikusanyika vinane ndiyo unafika 632. Kwa hiyo kukusanyika kuna mchango, usikatae.

#32 Dawa na Dozi
Sikatai mchango. Nakataa kwamba ndiyo mchango mkubwa. Umejijibu mwenyewe: kutoka 480 hadi 585 imeruka kabla hawajakusanyika.

#33 Wa Maabara
Ndani ya kipande kimoja bado ziko mbili zimepishana. Soma #28 vizuri.

#34 Mwalimu Mstaafu
Na zote mbili pete zimenyooshwa. Someni #27 vizuri.

#35 Chipsi Mayai
Naona wasomi watatu wameshika kambakochi mmoja, kila mtu anavuta mguu wake.

#36 Binti Pangani
Angalau sasa nimejibiwa mara tatu. Embe langu la #8 nalifuta, embe halina mnyororo uliolegea mkononi mwangu.

#37 Msupu wa Pweza
Wakuu mbona mmemsahau pweza? Nauza supu, kila siku namchemsha, anaingia kijivu anatoka mwekundu wa hudhurungi na maji yanakuwa kama ya zabibu. Naye ana hiyo krustosayanini?

#38 Mwalimu Mstaafu
Hapana, pweza ni kabila jingine. Rangi za ngozi yake ni za jamii ya omokromu, zinatengenezwa mwilini mwake kutokana na amino asidi, hazihitaji mwani. Ziko ndani ya vifuko vidogo anavyovifungua na kuvifunga akiwa hai ndiyo maana anabadilika akikuona. Usizichanganye na za kamba ingawa sahani inafanana.

#39 Barabara ya 12
Kumbe pweza anafanya kwa hiari, kambakochi mpaka achemshwe.

#40 Mama Swaum
Jamani nimekumbuka kitu. Kamba wadogo huwa nawaloweka ndimu na chumvi kabla ya kukaanga. Wakikaa sana wanaanza kupata uwaridi pembeni hata jiko sijawasha. Hiyo si inamkataa mwenye uzi aliyesema ni moto?

#41 Wa Maabara
Mama Swaum wewe ungekuwa kwenye kamati ya utafiti. Hasa. Asidi ya ndimu inavuruga protini bila moto. Ingekuwa moto unaiunguza rangi, ndimu isingefanya lolote. Kuachiwa ndiko kunakotokea, iwe kwa moto, kwa ndimu au kwa spiriti.

#42 Mvuvi Mwambani
Na uduvi uliokauka? Ukiwa mpya una uwaridi mzuri. Ukikaa dukani miezi unakuwa mweupe kama pumba. Wanunuzi wanaujua kwa rangi tu, huwadanganyi.

#43 Shangazi wa Chumbageni
Si ni jua lile lile la kanzu? Mnyororo umekatika.

#44 Wa Maabara
Shangazi ametuzidi wote. Mwanga na hewa, ndiyo.

#45 Fundi Simu Usambara
Nimechelewa, ila niulize. Zile skrini za simu zinazotoa mwanga zenyewe bila taa nyuma, fundi mwenzangu aliniambia ndani kuna kemikali za kaboni. Ni minyororo hii hii?

#46 Wa Maabara
Ni ndugu zake, ingawa mle nyingi ni pete zilizounganishwa kuliko minyororo mirefu. Badala ya kupewa mwanga zikafyonza, zinapewa umeme zikatoa mwanga. Ukibadilisha umbo unabadilisha rangi inayotoka. Nobel ya kemia ya 2000 ilikwenda kwa Heeger, MacDiarmid na Shirakawa kwa plastiki za mnyororo wa kupokezana zinazopitisha umeme. Na kisa cha Shirakawa ni cha kuchekesha: kwenye maabara yake kuna mtu aliweka kichocheo mara elfu moja zaidi ya kipimo, ikatoka karatasi inayong'aa kama fedha.

#47 Fundi Simu Usambara
Mara elfu moja! Mimi nikizidisha risasi kidogo kwenye bodi mteja anataka kunipeleka polisi.

#48 Mwalimu Mstaafu
Nilimwahidi Chipsi Mayai pale #7. Yule Wald wa 1948 ndiye aliyekaa na suala hili hili kwenye jicho. Ndani ya jicho kuna retinali, nusu ya karoti kwa lugha ya mtaani. Peke yake inafyonza karibu na 380, huioni. Protini ikiishika inaruka hadi 500. Na sehemu ya jicho inayotofautisha rangi ina protini tatu, zote zimeshika retinali ile ile: moja inafyonza karibu na 420, ya pili 530, ya tatu 560. Kwa hiyo mtoto akiuangalia wekundu wa kambakochi, anautazama kwa kutumia ujanja ule ule wa gamba.

#49 Chipsi Mayai
Hii sasa nimeacha chipsi ikaungua.

#50 Mwanamashua
Wakuu nimerudi. Juzi baada ya ubishi wa #27 hadi #34 mtoto alichukua gamba bichi kutoka kwa jirani yetu mvuvi, akalipondaponda, akagawa kwenye vichupa viwili vya dawa ya kikohozi vilivyooshwa, akamimina spiriti ile ya kusafishia vidonda. Hatukuwasha moto. Kufika usiku buluu ilikuwa imetoweka, spiriti imekuwa ya machungwa kama chai ya rangi iliyokolea. Bibi yake akaja kuangalia, akasema tu "basi si damu", akaondoka.

Kichupa kimoja kakiweka dirishani, kingine ndani ya kabati la vyombo.

#51 Dawa na Dozi
Kafanya vizuri. Muulize sasa: je, ukiinyeshea maji spiriti hiyo buluu inarudi?

#52 Wa Maabara
Hairudi hivyo. Maabara wameweza kuirudisha, lakini kwa protini iliyotolewa kwa upole na kuwekewa astazantini upya. Ya kuchemshwa imeshaganda, sawa na kutaka yai la kukaanga lirudi bichi.

#53 Binti Pangani
Mimi nina swali jipya. Kwa nini kambakochi ahangaike kuwa buluu na kijani wakati amebeba wekundu wa bure?

#54 Mvuvi Mwambani
Mwekundu kwenye mwamba mchana, chewa hamwachi.

#55 Wa Maabara
Ukienda chini kabisa nyekundu ndiyo inapotea kwanza majini, mkuu. Kwenye kina kirefu mwekundu anaonekana mweusi. Kwa hiyo jibu linategemea anaishi mita ngapi.

#56 Mvuvi Mwambani
Wa kwetu anaishi mita tano, sita, namshika kwa mkono. Hapo nyekundu naiona vizuri sana.

#57 Barabara ya 12
Mita tano sita na bei ile mnayotuuzia? Nilidhani mnamfuata Pemba kwa miguu.

#58 Mwanamashua
Siku ya tisa leo. Kichupa cha dirishani kimekuwa kama maji yaliyooshea mchele. Cha kabatini bado cha machungwa. Mtoto anataka gamba jingine ajaribu na ndimu, na bei ya leo nimeiogopa.